Mafuta Yaliyokwisha Povu

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu alikiona kwa Fundi Rashidi Nambunga kilikuwa mikono yake. Ilikuwa mikono ya mbanguaji wa korosho: vidole vyeusi, ngozi ya viganja imebambuka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, na kucha za rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Lakini Rashidi hakuwa mbanguaji. Alikuwa fundi wa simu mjini Mtwara, mtu wa koleo, nyaya na nguzo. Mgeni aliyempa mkono kwa mara ya kwanza aliutazama ule mkono, akamtazama usoni, kisha akautazama tena.

"Usiogope," Rashidi alikuwa akisema. "Hauambukizi."

Elizabeti, opareta wa ubao wa kuunganishia simu, mama mnene mcheshi aliyetoka Songea, hakuacha nafasi hiyo ipite.

"Huyu mzee anambangulia mkewe korosho," aliwaambia wageni. "Mkewe analala, yeye anabangua. Wanaume wa mtaa wa Chuno wamekwisha kabisa!"

"Na wewe mumeo anakufanyia nini, Elizabeti?"

"Wangu? Wangu ananisikiliza kwenye simu tu. Nyumbani hanisikii."

Wakacheka, na mgeni akasahau kuuliza. Rashidi alipenda iwe hivyo, kwa sababu habari ya mikono yake ilikuwa ndefu, na sehemu yake moja ilikuwa bado inamuuma.

Alizaliwa kando ya Mikindani, katika familia ya wakulima wa mihogo. Alianza kazi ya simu akiwa kijana wa kuchimba mashimo ya nguzo. Siku moja msimamizi alimpa mkonga wa simu asikilize, na sauti ya mtu aliyekuwa Lindi ikamwita kwa jina lake. Rashidi alizunguka nyuma ya ukuta kumtafuta. Msimamizi alicheka mpaka akakohoa, lakini kijana hakuona haya. Kuanzia siku ile aliamini kwamba hakuna kazi nzuri duniani kuliko kumfanya mtu wa mbali asikike kama yuko nyuma ya ukuta. Alijifunza kusoma katika madarasa ya jioni, akasoma vitabu vya mafundi ukurasa kwa ukurasa, na alipofika umri wa miaka arobaini na tisa hapakuwa na waya kati ya mjini na mdomo wa Ruvuma ambao hakuujua.

Waya alioupenda kuliko zote ulikuwa wa Nalumbi.

Nalumbi ilikuwa kijiji cha ujamaa, kilichoanzishwa mwaka 1973 kwenye ardhi ya juu karibu na mahali Ruvuma unapokutana na bahari. Watu walihamia pale kutoka mashamba yaliyotawanyika, wengine wamebeba milango ya nyumba zao vichwani. Walijenga shule, kisha zahanati, kisha wakaomba simu. Walipoambiwa hakuna nguzo, walizikata wenyewe kwa kazi ya Jumamosi, zaidi ya mia mbili, wakazisimamisha kutoka njia kuu ya Madimba, zikapita katika tope la mikoko, mpaka mlangoni mwa zahanati. Na muuguzi wa zahanati hiyo, aliyekuwa pia mkunga wake wa pekee mwenye cheti, alikuwa Halima, binti pekee wa Rashidi.

Kikwazo kilikuwa kisanduku. Mahali ambapo nyaya za wazi zinashuka kutoka kwenye nguzo na kuungana na waya wenye ganda unaoingia ndani ya jengo, lazima pawe na kisanduku cha kuvifunika viungo visipate maji. Vile vya chuma vilivyotoka ng'ambo vililiwa na ukungu wa chumvi wa mikoko kwa miezi michache tu, na sasa havikuja tena. Bohari ilikuwa tupu. Redio nayo ilikuwa inasema kila siku habari za kujitegemea, na Rashidi alilichukua neno hilo kama agizo lililoandikwa kwa jina lake. Alichonga kisanduku cha mbao za mninga, chenye kifuniko cha kubana. Kisha, kama wenye mitumbwi wa pwani ile wanavyopaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye mbao ili zisiliwe na wadudu, akakipaka mafuta hayo ndani na nje, akavizamisha na viungo vyenyewe humo. Alitengeneza viwili vinavyofanana. Kimoja alikifunga Nalumbi mwezi wa Desemba. Cha pili, kikiwa na vipande vya waya ndani yake vilevile, alikiweka kabatini kama akiba.

Simu ya kwanza kutoka Nalumbi aliipokea mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unanisikia?"

"Nakusikia kama uko nyuma ya ukuta."

Halima alikulia kwenye hadithi ile.

Simu ilifanya kazi wiki tisa. Kisha ikafa, na habari hiyo Rashidi aliipata kwa barua. Halima alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa shule, mistari imenyooka: *Baba, Jumanne tulikuwa na mama aliyekuwa anavuja damu. Nilizungusha simu tangu asubuhi mpaka mkono ukavimba. Hakuna aliyejibu. Walimbeba kwa machela hadi Madimba. Mama amepona. Mtoto hatukumpata. Sisemi haya kwa kukulaumu.*

Barua ile ilikaa katika mfuko wa shati lake la kazi. Shati lilipofuliwa iliingia katika shati lingine.

Alikwenda Nalumbi, akapanda nguzo, akafungua kisanduku. Shaba ilikuwa imegeuka kijani kama mwani, na waya mmoja ulikatika kwa kuguswa na kidole. "Chumvi ya bahari," alisema mwenyekiti wa kijiji aliyesimama chini. Chumvi, walisema mafundi wenzake. Rashidi naye aliandika hivyo katika taarifa yake kwenda Dar es Salaam: viungo vimeliwa na chumvi. Jibu lilikuja kutoka kwa mhandisi kijana aliyeitwa Mathayo. Kama simu haiwezi kuishi katika mikoko ile, alisema, basi waya wa shaba ushushwe, upelekwe mahali ambapo utafaa. Kazi ya kuushusha ingefanywa mwisho wa mwaka.

Mwezi wa Agosti, akitafuta skrubu, Rashidi alikuta mkononi mwake kile kisanduku cha akiba. Kilikuwa kimekaa kabatini miezi minane, pakavu, maili nyingi kutoka kwenye mikoko. Alikifungua bila sababu.

Shaba ilikuwa kijani.

Alikaa juu ya kigoda, kisanduku mapajani. Ndani ya kabati hapakuwa na bahari. Hapakuwa na ukungu wala chumvi. Palikuwa na mbao, shaba, na mafuta yake.

Siku hiyo alirudi nyumbani Chuno mapema. Somoe, mkewe, alikuwa uani na wanawake wawili wa kikundi chao cha ubanguaji, mikono yao imepakwa jivu hadi viwiko. Rashidi aliwaamkia, akamwomba mkewe pembeni, akamfunulia kile kisanduku.

"Mama Halima, tazama."

Somoe hakutazama waya. Alinusa.

"Haya mafuta umeyatoa wapi?"

"Kwako. Kwenye lile debe la nyuma ya jiko."

"Debe la mafuta yaliyokamuliwa tu? Mabichi?"

"Ndiyo. Si ndiyo wanayopaka mitumbwi?"

Somoe alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango. "Jamani, njooni mumwone fundi! Amechukua mafuta mabichi akayapaka kwenye..." Kisha aliuona uso wa mumewe, akaona na mkono wake ulivyokwenda kwenye mfuko wa shati, akakatiza kicheko. Aliijua barua iliyokuwa mle. Akakaa chini kwenye kizingiti na kumvuta akae naye.

"Sikiliza, Baba Halima," alisema taratibu. "Mafuta mabichi yanauma. Mimi nisipopaka jivu, ngozi yote inatoka. Mbao inayastahimili, ndiyo maana yanafaa mtumbwi. Lakini ngozi yanaila. Yataiacha shaba?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulisema unataka mafuta. Nikasema mume wangu kanunua mtumbwi kwa siri."

Rashidi alicheka bila kutaka, na machozi yalimtoka kwa kicheko kile.

"Hakuna namna ya kuyaondolea huo uchungu?"

"Ipo. Kupika. Yakianza kuchemka yanatoa povu jingi, na moshi wake ukikupata uso unavimba. Ukiendelea kwa moto mdogo, povu linakwisha lenyewe. Povu likiisha hayaumi tena. Mama Rehema hapo jirani anayazibia nyufa za mlango kwa mkono mtupu." Akamwonyesha yule jirani aliyekuwa anabangua. "Si ndiyo, Mama Rehema?"

"Ndiyo. Lakini ukiyaondoa mapema, utakiona cha moto," alijibu Mama Rehema. "Na ukiyaacha sana yanawaka, unapoteza paa."

Miaka ishirini na mitano alikuwa amekula, amelala na kuamka pembeni ya elimu ile, na hakuwahi kuiuliza swali.

Kabla ya kuwasha moto wowote, alifanya jambo gumu zaidi. Aliandika taarifa nyingine kwa Mhandisi Mathayo. *Taarifa yangu ya mwezi wa Machi si sahihi. Chumvi haikuharibu viungo. Mafuta niliyoyachagua mimi ndiyo yaliyoviharibu. Kosa ni langu, si la mahali. Naomba waya usishushwe kabla sijajaribu mara moja tena.* Aliisoma mbele ya Somoe kwa sauti. Somoe alimwambia abadilishe neno moja tu: badala ya "sijajaribu", aandike "hatujajaribu".

Ndipo mikono yake ilipoanza kuwa ile ambayo watu waliishangaa. Kila alasiri baada ya kazi walipika mafuta uani, yeye na Somoe, katika sufuria ya chuma juu ya mawe matatu, mbali na paa. Rashidi alichovya vipande vya shaba katika kila pishi, akavining'iniza kwenye ukuta wa nyuma, kila kimoja na karatasi yenye tarehe. Pishi la kwanza waliliondoa mapema. Shaba ikageuka kijani kwa siku nne. La tano liliwaka, likaunguza nyusi za Rashidi. La kumi na moja liliganda katika sufuria, na sufuria ikatupwa. Jirani mmoja alimshtaki kwa balozi wa nyumba kumi kwamba fundi wa simu anapika uchawi. Balozi alikuja, akanusa, akaomba kidogo cha kuziba mtumbwi wake.

Jicho la Somoe ndilo lililokuwa kipimo. Rashidi alihesabu dakika kwa saa, lakini korosho za shamba moja hazikuwa sawa na za shamba lingine, na saa ilimdanganya. Somoe alitazama povu. "Bado," alisema. "Bado. Linapungua. Bado. Sasa!" Mwishoni Rashidi aliacha kuangalia saa, akawa anamwangalia mkewe.

Pishi la kumi na tisa lilikuwa jeusi, zito, linang'aa. Alilimimina juu ya viungo ndani ya kisanduku kipya, nalo likashika polepole mpaka likawa kama ngozi ya kiatu: laini kiasi cha kukatwa kwa kisu fundi akitaka kutengeneza, gumu kiasi cha kutopenyeza maji. Baada ya wiki saba kipande chake cha shaba kilikuwa bado chekundu kama siku kilipochubuliwa.

Mhandisi Mathayo alikuja mwenyewe mwezi wa Desemba. Alikuwa kijana mrefu kutoka Bukoba, soksi zimevutwa hadi magotini, na alikuwa na taarifa zote mbili katika faili lake. Aliunganisha kisanduku na mita ya kupimia, akakizamisha katika ndoo ya maji ya bahari, akakiacha humo siku tano. Kila asubuhi sindano ya mita ilisimama palepale.

"Ndugu Rashidi," alisema siku ya tano, "watu wengi huandika taarifa ya pili ili kujitetea. Wewe uliandika ya kujishtaki. Nilitaka kukuona."

"Nimeandika iliyo kweli, Ndugu Mhandisi."

"Basi tukubaliane. Kifungeni Nalumbi. Kikivuka mvua, mpaka mwisho wa Machi, nataka arobaini vya namna hii. Kuna vijiji njia nzima ya Ruvuma vinavyongoja simu kwa sababu ya kisanduku tu. Kisipovuka, sitakuwa na la kusema. Waya unashuka."

"Na huyu aliyepika?" aliuliza Rashidi.

"Nani?"

"Mke wangu. Jina lake liwepo kwenye karatasi."

Mathayo alifungua kalamu. "Somoe nani?"

Mvua zilianza Januari. Kila siku saa mbili asubuhi Elizabeti alimpigia Halima, na Rashidi alisikiliza kwa sekunde chache, akisikiliza zaidi mlio wa waya kuliko maneno. Mlio ulikuwa safi. Mwishoni mwa mwezi Halima alimwambia asiondoke kwanza.

"Baba, nina habari na nina swali."

"Anza na habari."

"Utakuwa babu, inshallah. Mwezi wa tatu mwishoni."

Elizabeti, ambaye kwa kanuni hakutakiwa kusikiliza, alipiga kigelegele ndani ya ofisi ya serikali.

"Na swali?" aliuliza Rashidi.

"Mama anataka nije kujifungulia mjini. Lakini nikija, wanawake wa hapa watakwenda kwa nani? Bibi Sharifa yupo, ni mkunga wa siku nyingi, ana mikono mizuri. Palipo shida ataniambia, na gari la hospitali litakuja, kama simu ipo. Kwa hiyo nakuuliza wewe, si kama baba, kama fundi. Kisanduku chako kinafaa? Ukisema kinafaa, nabaki. Ukisema hakifai, nakuja."

Rashidi aliitazama mikono yake. Aliiona barua bila kuigusa. Alitaka sana kusema njoo. Hilo lingekuwa jibu la baba.

"Kinafaa," alisema.

Alipomweleza Somoe jioni hiyo, Somoe aliingia ndani akalala mapema. Asubuhi alimwandalia chai, akakaa karibu naye, akasema, "Pishi lilikuwa langu. Mimi nililiona povu likiisha. Ulisema kweli."

Tarehe ishirini na saba Machi ilikuwa siku ya tatu ya mvua isiyokatika. Maji yaliingia madukani, na njia mbili za simu za mjini zilikuwa zimekufa tangu jana. Saa mbili kasoro robo asubuhi, kwenye ubao wa Elizabeti, kibao kidogo cha chuma cha namba kumi na nne kilianguka kwa mlio mdogo, *tak*, ishara ya simu inayoingia. Namba kumi na nne ilikuwa Nalumbi.

"Shikamoo, mama Elizabeti. Yupo baba?"

"Yupo, anakanyaga visigino vyangu. Marahaba, mwanangu. Vipi?"

"Mwambie imeanza. Tangu alfajiri. Bibi Sharifa yupo hapa, anasema mtoto amekaa vizuri. Mume wangu Bakari atakaa karibu na simu. Akizaliwa, atazungusha. Na shida ikitokea, atazungusha."

Rashidi aliuchukua mkonga. Sauti ilikuwa karibu mno, hata pumzi zake alizisikia, na nyuma ya pumzi ile alisikia mvua ya Nalumbi ikipiga bati la zahanati.

"Halima."

"Baba. Unanisikia?"

"Nyuma ya ukuta," alisema.

Halima alicheka, kicheko kikakatika katikati kwa maumivu, kisha akasema, "Haya, naenda kazini," na mkonga ukawekwa.

Somoe alikuja saa nne, amelowa, kanga moja kichwani na moja mabegani, na bakuli la uji wa mchele mikononi. Wageni hawakuruhusiwa katika chumba cha ubao. Elizabeti alimtazama, akautazama mlango, akasema, "Mimi sijamwona mtu yeyote," akamsogezea kiti. Dereva wa gari la hospitali naye alikuwa amekwisha ambiwa. Gari lilisimama nje, pua yake imeelekea barabara ya Madimba.

Saa sita. Saa nane. Simu za watu wengine ziliita, vibao vikaanguka na kuinuliwa, na kila *tak* iliwainua Rashidi na Somoe kutoka kwenye viti. Mara tatu Rashidi aliunganisha mita kwenye njia ya kumi na nne bila kuipigia, asije akamsumbua aliye kazini. Mara tatu sindano ilisimama palepale iliposimama Desemba, katika ndoo.

"Njia ni nzima," alimwambia mkewe.

"Najua ni nzima. Umeniambia mara mbili."

"Ni nzima kabisa."

"Kaa, Baba Halima. Kazi yetu tumemaliza. Hii iliyobaki si yetu."

Alikaa. Somoe aliuchukua mkono wake mweusi, akauweka kwenye mapaja yake, akawa anambandua vipande vya ngozi iliyokufa kimoja kimoja, kwa upole, kama alivyokuwa akifanya kila jioni uani. Mkono wake mwenyewe ulikuwa wa rangi ileile. Elizabeti aliwaona, akageukia ubao wake haraka.

"Nyie wazee," alisema bila kugeuka, "akiwa wa kike mtamwita nani?"

"Somoe," alisema Rashidi.

"Na wa kiume?"

Hawakuwahi kulifikiria. Nje mvua iliongezeka, ikapiga paa kwa nguvu hata maneno yasisikike, na wote watatu wakainua macho pamoja kwenye kibao cha namba kumi na nne, kilichokuwa bado kimesimama wima mahali pake. Elizabeti alikuwa tayari na waya wa kuunganishia mkononi, na Rashidi alikuwa amekwisha sogeza kiti mbele.